Kovu kwenye Kioo cha Mbele

Ko-ko-ko. Kimya. Ko-ko-ko-ko. Kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamo na wamekataa kufungua.

Ushindi alikuwa chali chini ya lori la mahindi, mafuta machafu yakimdondokea shingoni, haoni kitu zaidi ya tumbo la lori. Lakini sikio la fundi halingoji jicho. Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti ya kioo cha ndani, kile ambacho dereva huangalizia nyuma, kikiwa kimeng'oka mahali pake, kikaning'inizwa kwa kamba, na sasa kinagonga dashibodi kila gurudumu linapoangukia shimo. Na barabara ya kuingia Base Camp, kitovu cha makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, si barabara. Ni mashimo yaliyoshonwa kwa vumbi.

Spana ikamponyoka, ikamwangukia kifuani. Hakuhisi.

Kwa nini sauti ya kioo imshtue mwanamume aliyelala chini ya lori bila kuogopa? Sikiliza.

Yaya yake, kaka mkubwa aliyetoka naye tumbo moja na vita vimoja kule Kivu Kusini, aliitwa Appolinaire. Walifanana mno hata mama yao, Marthe, akiwaona kwa mbali alikuwa akiita jina la mmoja na kuitikiwa na mwingine. Appolinaire alikwenda Mbarara kununua vitenge vya kuja kuuza. Jioni akapiga simu: "Mama, nimepata gari. Niko njiani. Niachie ugali." Ugali ulilala. Asubuhi wachungaji wa ng'ombe walimkuta kwenye shamba la migomba kando ya barabara ya Isingiro, taya limehama, fuvu limebonyea, mzigo wa vitenge haupo, na pumzi ipo kidogo tu, kama moshi wa jiko lililosahauliwa.

Hospitalini Mbarara walipomfungua kinywa walikuta kipande cha kidole cha mtu, ncha pamoja na ukucha wake. Alikuwa amemng'ata aliyempiga, akang'ata mpaka meno yakakutana. Na walipomkunjua ngumi ya kulia, kidole baada ya kidole, walikuta kichuma kidogo, kisichozidi ukucha wa dole gumba. Wauguzi hawakukijua. Mama Marthe hakukijua. Ushindi alikijua kabla hakijafutwa damu.

Kilikuwa kitako cha kioo cha ndani. Kidude hicho hugandishwa kwa gundi kwenye kioo cha mbele cha gari, kisha kile kioo kidogo huvishwa juu yake kama kofia kwenye kigingi. Appolinaire alikuwa amekishika kioo walipokuwa wakimburuta nje ya gari, na hakukiachia. Kioo kikaenda huko kilikokwenda, kitako kikabaki mkononi. Na mgongoni mwa kitako kulikuwa na kigamba cha kioo, chembamba kama gamba la samaki, kilichonyofoka kutoka kioo cha mbele chenyewe.

Tangu siku ile Appolinaire hajasema neno. Macho hufunguka, macho hufumba. Na Ushindi alikitembeza kichuma kile mfukoni, kimefungwa kwenye kipande cha kitenge, akilitazama kila gari linaloingia Base Camp kwenye paji la kioo chake, kama mtu anayetafuta kovu kwenye uso wa adui. Polisi hakuwaambia. Alitaka aonane na mwenye kovu yeye kwanza, peke yao, wakiwa na spana katikati yao.

"Fundi!" sauti iliita kando ya lori. "Toka tumboni mwa mama yako, kuna mgonjwa hapa."

"Mgonjwa anayekuja kwa miguu yake anaweza kungoja."

"Huyu hangoji. Anapiga kelele mpaka abiria wananiuliza kama nimefunga mbuzi ndani ya dashibodi."

Ushindi akajivuta nje. Aliona Premio nyeupe, na kando yake kijana mrefu, Mrundi kwa lafudhi, rozari shingoni, kicheko mdomoni. Alisema anaitwa Kwizera. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa kuanzia kwenye kifundo hadi ncha za vidole.

Ushindi aliutazama mkono ule kuliko alivyolitazama gari.

"Mukono uliumizia fasi gani, ndugu?"

"Rejeta. Nilifungua kifuniko ikiwa bado na hasira, ikanitemea maji ya moto."

"Pole sana."

"Pole ya fundi haina dawa. Nifungie kioo. Kila nikikigandisha kinaanguka. Polisi wa barabarani wakiona nimekitundika kwa kamba ya kiatu watanila mzima mzima."

"Na gari iko ya nani?"

"Yangu! Ya nani tena?" Kwizera akalipiga boneti kofi la mapenzi kwa mkono wake mzima. "Jasho langu hili, fundi."

Ushindi aliingia kwenye kiti cha dereva. Alikata kamba ya kiatu, akakiweka kioo kidogo kitini. Juu ya kioo cha mbele, mahali pa kitako, palikuwa na bonge la gundi, gundi juu ya gundi, nyeusi kama kupe aliyeshiba. Wako mafundi ambao bonge kama lile hulipasha moto kwa kiberiti wapate kulilainisha upesi, na kioo ambacho bado kina ubaridi wa asubuhi kikaguswa na moto hupasuka mpaka kwenye kona. Ushindi hakuwa fundi wa hivyo. Alilowesha tambara kwa spiriti, akalibandika juu ya bonge, akangoja. Kisha akatoa wembe mpya na kuulaza bapa, kwa sababu wembe uliosimama hukwaruza, akaanza kuparua taratibu. Gundi ilitoka kama maganda. Chini yake akaona ni kwa nini kioo kidogo kilikuwa kinakataa kukaa. Kioo cha mbele hakikuwa sawa. Palikuwa na shimo, si la kupita upande wa pili, bali la juu juu, na mtu alikuwa amelijaza gundi ili lisionekane.

Ukucha wake ukatumbukia mle, ukazunguka kingo. Lilikuwa kama mwezi mchanga uliovunjika pembe moja.

Masikio yake yakaziba. Soko lote la Base Camp, kelele za kinu cha mahindi, redio ya kinyozi, muziki wa kanisani, vyote vikawa mbali kana kwamba mtu amefunga mlango. Akaingiza mkono mfukoni, akafungua kile kipande cha kitenge.

"Kaa humu ndani," alimwambia Kwizera, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mtoto. "Kaa hapa karibu na mimi, unishikilie wembe."

Kwizera akaketi kiti cha abiria, akavuta mlango.

"Umesema gari ni ya kwako. Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Wewe ni fundi ama ni polisi?"

"Hakuna mwingine anayeiendesha?"

"Mke na gari haviazimwi, ndugu yangu." Kwizera akacheka.

Ushindi akakipeleka kitako kwenye lile shimo. Kigamba cha kioo kikaingia bila kusukumwa, pembe kwa pembe, kama jino linalorudi kwenye ufizi wake. Akaachia vidole. Kilikaa chenyewe kwa kitambo, bila gundi, bila kitu, kisha kikadondoka kiganjani mwake.

Akageuka na kumpiga Kwizera kwa spana usoni.

Mfupa wa pua ulilia kama kijiti kikavu. Kwizera hakupata hata nafasi ya kuuliza. Pigo la pili likamkuta sikioni, la tatu kwenye mkono aliouinua, na damu ikaruka ikachora kioo cha mbele kwa ndani. Alijaribu kufungua mlango kwa mkono uliofungwa kitambaa, vidole vikateleza. Ushindi akamshika rozari, akaisokota shingoni mpaka uzi ukakatika na shanga zikamwagika kama mahindi. Wakatoka mlangoni wote wawili wakiwa wameshikana, wakaanguka vumbini, Ushindi juu. Alimpiga kwa ngumi, kwa kiwiko, kwa kipaji cha uso. Kila pigo lilikuwa na neno lake.

"Vitenge! Viko! Wapi! Mudomo! Wa yaya! Yangu!"

"Vitenge gani?" Kwizera alikoroma. "Vitenge gani, fundi?"

Ndipo Ushindi akalipiga kelele lile neno. Ukilitoa kambini halirudi mdomoni.

"Mwivi! Batu ba Base Camp! Mwivi aliyetaka kumuua yaya yangu ni huyu!"

Walikuja. Walitoka kwenye vibanda, kwenye kinu, kwenye foleni ya maji. Wa kwanza kufika alikuwa Pacifique, rafiki yake, fundi wa kuchomelea milango kibanda cha jirani. Jina lake maana yake amani, mkononi nondo. Akamshindilia Kwizera nondo ya mguu, na kila mtu akasikia mfupa ulivyoitika.

"Kumbe ni hawa Barundi!" mtu alisema.

"Banatubebea kwa gari, banatuchinja njiani!"

"Tairi! Leteni tairi!"

"Petroli iko fasi gani?"

Vioo vya pembeni vya Premio vilivunjwa kwa mateke. Jiwe la kwanza likatua begani kwa Kwizera, la pili tumboni. Yeye alikuwa amejikunja kama jongoo, akiita jina la mkewe, "Ancilla, Ancilla," na akainua mkono wake wa kulia kujikinga uso. Kitambaa kilikuwa kimefunguka kwenye purukushani. Kikadondoka.

Ushindi akauona mkono.

Ulikuwa umeungua. Ngozi imevimba malengelenge, nyekundu na nyeupe, kuanzia kwenye kifundo; mkono uliotemewa na rejeta, kama mwenyewe alivyosema. Na vidole vilikuwepo vyote, kila kimoja na ukucha wake, vimetandazwa mbele ya uso wa Ushindi kama ushahidi wa mahakamani.

Hapo akili ikamrudia, na ilirudi na fimbo. *Yangu! Ya nani tena?* Hakuna dereva Nakivale asiyesema hivyo. Mafundi wakisikia kwamba gari ni la bosi wa mjini, bei hupanda mara mbili; kwa hiyo kila dereva anayeendesha gari la mtu hufika kwa fundi akaapa kwamba ni lake, la jasho lake, tangu mwaka jana. Ushindi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Yeye mwenyewe alikuwa akiwapandishia bei.

"Muache!" alipiga kelele. "Si yeye! Muache!"

Nani amsikie? Neno la pili halina miguu kama la kwanza. Mawe yalizidi. Tairi lilikuwa tayari linaviringishwa, mwanamke mmoja amebeba chupa ya petroli kwa mikono miwili kwa uangalifu, kama anayebeba maziwa. Ushindi akajitupa juu ya Kwizera, akamfunika kwa mwili wake wote. Jiwe likampasua juu ya jicho. Jingine likampata tayani na meno yakagongana. Teke la mbavuni hakujua ni la nani.

"Toka hapo, Ushindi." Pacifique alisimama juu yake, nondo begani, anahema. "Wewe ndiye ulimwita mwivi. Sasa umekuwa pasta?"

"Nilikosea! Angalia mukono yake, Pacifique! Vidole viko vyote!"

"Vidole? Mimi niko na uchungu wa yaya yako, wewe unanihesabia vidole?"

"Basi nipige mimi. Nipige mimi kwanza, halafu umuambie mama Marthe ulimuua mutoto wake wa mwisho."

Nondo ilibaki hewani. Pacifique hakuishusha, lakini hakuipiga, na katika ule mgongano wa pumzi Ushindi akamshika Kwizera makwapani, akamburuta, akamsukumiza kiti cha nyuma cha gari kama gunia, akarukia usukani. Ufunguo ulikuwa mahali pake. Injini ikaitika. Watu wakaizunguka boneti, wakaipigapiga, na kijana mmoja mbele akainua jiwe kubwa la mafiga, akalirusha.

Lilitua juu katikati, pale pale kwenye paji la kioo. Kioo cha mbele hakikumwagika, vioo vya mbele havimwagiki. Kilisinyaa kikawa utando wa buibui kutoka kona hadi kona. Na pale palipokuwa na lile shimo, ule mwezi uliovunjika pembe, pakawa unga mweupe uliodondokea mapajani mwake. Kitako chenyewe hakukijua kilikoangukia, vumbini, miguuni mwa watu. Kile alichokitafuta kila siku kwenye kila gari alikipata, na kilimkaa mkononi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Akakanyaga mafuta. Watu wakaruka pembeni.

Alikuwa akiendesha kwa kuchungulia tundu moja kwenye utando ule, kichwa kimeinama, damu ikimwingia jichoni. Nyuma hakuona kitu. Kioo cha ndani kilikuwa kinaviringika sakafuni. Vya pembeni vimebaki mashina. Gari lisilo na kioo halina mgongo. Mtu anaweza kukukaribia mpaka akakugusa kisogo.

"Angalia nyuma!" alimwambia Kwizera. "Banakuya?"

Kutoka kiti cha nyuma ukaja mguno tu.

"Kwizera! Nisaidie macho!"

Mrundi yule akajiinua kwa kiwiko, uso si uso tena, akachungulia kupitia dirisha la nyuma. "Pikipiki," alisema. "Ya mbele imebeba mwenye nondo." Gari likaruka tuta. Kwizera akalia kwa sababu ya mguu wake, kisha akatazama tena. "Wanakaribia. Wako kwenye vumbi letu. Usipunguze." Walipita ng'ombe wenye pembe ndefu, wakapita kilima, wakapita watoto wa shule waliobaki midomo wazi. "Mmoja ameanguka. Wengine wamesimama." Kisha, baada ya muda mrefu: "Hawapo."

Ushindi akapunguza mwendo.

"Nisamehe," alisema.

"Endesha."

"Gari si ya kwako."

"Wewe hujui madereva tunavyosema kwa fundi?" Kwizera akatema damu kwenye mkeka wa gari. "Nimekabidhiwa juzi. Ya bosi, inalala Mbarara, Nyamitanga, kwenye yadi yake. Kabla yangu ilikuwa na mwingine, Nicodème. Aliiacha kwa sababu alisema ameumia kidole. Mlango wa gari ulimbana, sasa anashinda kwenye yadi hiyo."

Tundu kwenye kioo likawa dogo sana machoni pa Ushindi.

"Kidole gani?"

"Cha shahada." Kwizera naye akaanza kuelewa kile alichopigiwa. "Ndiyo sababu. Ee Mungu wangu. Ndiyo sababu umeniuliza mkono."

"Nakupeleka hospitali kwanza."

"Nyamitanga kwanza. Simu inakimbia kuliko gari. Nicodème akisikia kwamba kambi nzima inatafuta mwenye Premio nyeupe, leo hii atakuwa Tanzania. Kwa mguu huu mimi sifi. Endesha, fundi."

Yadi ilikuwa nyuma ya ukuta wa matofali, ng'ambo ya mto Rwizi, jua limesimama wima. Askari wa geti, Mnyankole mzee mwenye rungu na koti la mvua kwenye jua kali, alipoliona gari alishika kichwa.

"Banange! Hii gari nani nakula? Wewe iko damu mingi, bwana ssebo!"

Ushindi aliokota spana iliyoangukia sakafuni, akaichomeka kiunoni. Aliteremka. Jicho moja limeziba, taya limevimba upande, shati limeganda kwa damu na vumbi. Na kutoka kati ya magari mabovu akaja mwanamume mnene, amekunja uso, anapiga kelele kabla hajafika.

"Kwizera! Wewe mbwa, kioo cha bosi nani ame..."

Akamwona Ushindi. Miguu yake ikasimama kabla ya mdomo wake.

Ukumbuke kwamba walifanana, watoto wale wa Marthe. Na mawe ya Base Camp yalikuwa yamemaliza kazi ambayo tumbo la mama lilianza: taya lilelile, jicho lilelile, damu ileile. Nicodème akarudi nyuma hatua, mkono wake wa kulia ukainuka wenyewe kumnyooshea kidole, na kidole chenyewe kilikuwa kifupi, kimeishia kwenye bandeji chafu.

"Wewe," alisema. "Wewe tulikutupa kwenye migomba. Ulikuwa umekufa. Nilikupima pumzi mimi mwenyewe, ulikuwa umekufa!"

Askari wa geti akageuza kichwa taratibu.

"Mimi ni mdogo wake," Ushindi alisema.

Nicodème alipogundua alichokisema, alikuwa ameshakisema. Akaokota mkono wa jeki kutoka kwenye rundo la vyuma, akaja nao. Pigo la kwanza Ushindi alilipokea kwenye mkono wa kushoto, mkono ukafa ganzi ukaning'inia. Hakurudi nyuma. Aliingia ndani ya pigo la pili kama fahali, kichwa kikatua kifuani kwa Nicodème, wakaangukia mlango wa gari uliolala chini, bati likapiga yowe. Nicodème akamwingiza dole gumba kwenye jicho lililopasuka. Ushindi akakitafuta kile kidole kifupi, akakipata, akakikunja kwa nyuma. Mwanamume yule mnene akalia kama mtoto, mkono wa jeki ukadondoka, na Ushindi akawa amemkalia kifua, spana imetoka kiunoni, imekwenda juu, juu kabisa, mahali ambapo spana huwa nzito na mkono mwepesi.

"Vitenge tu!" Nicodème alilia. "Tulitaka vitenge tu, angeachia! Kwa nini hakuachia?"

"Usimuue!"

Sauti ilitoka kwenye gari. Kwizera alikuwa amefungua mlango, amejiangusha nje, anajikokota kwa viwiko, mguu unamfuata kama kitu cha mtu mwingine.

"Ukimuua huyo, mimi nimepigwa bure! Kioo kimevunjika, kichuma umepoteza. Nani atasema si mimi? Mdomo wake tu uliobaki! Ukimuua huyo, fundi, mwivi ni mimi mpaka kufa!"

Spana ikashuka. Ilishuka kwa nguvu zote za siku ile, za Appolinaire na za mawe, ikazama ardhini kando ya sikio la Nicodème mpaka nusu. Ushindi akabaki ameishika kama mtu aliyeshika mti kwenye mafuriko.

Askari wa geti alikuwa tayari na simu sikioni. "Kuja upesi," alikuwa akisema. "Ndiyo, polisi, kuja. Yeye nasema yeye natupa mtu kwa shamba ya matoke. Mimi nasikia na masikio yangu hii mbili. Kuja na kamba." Kisha akatazama huku na huku, akaona kamba ya kuvutia magari, akaamua asingoje. Walimfunga Nicodème pamoja, mzee kwa mikono miwili na Ushindi kwa mmoja.

Baadaye, wakingoja polisi, Ushindi akaenda kuketi chini, karibu na Kwizera, kwenye kivuli cha Premio. Boda ya kuwapeleka hospitali ilikuwa inaitwa. Hawakutazamana. Ndani ya gari, kwenye ufa wa kiti, zilibaki shanga kadhaa za rozari. Ushindi aliziokota moja moja, akazitia kiganjani mwa Kwizera, kile kisichoungua.

"Utalala leo," Kwizera alisema. "Utamwambia yaya yako, hata kama hasikii. Mimi je? Ancilla yuko kule Base Camp na watoto. Sasa hivi wamezunguka mlango wake. Kule mimi ni mwivi. Ulilitamka wewe, na wewe una sauti, fundi."

"Mupigie simu. Akimbilie kwa padri, afunge mlango."

"Nimempigia. Ameniuliza nani alianza." Kwizera akafumba macho. "Sijamjibu. Mjibu wewe."

Ushindi akameza mate yenye ladha ya chuma. Akamshika Kwizera bega, mahali ambapo hapakuwa na jeraha, na ilimbidi apatafute.

"Nisikie, Kwizera. Kesho, soko likijaa, nitasimama palepale nilipokuangusha. Nitasema kwa mudomo huuhuu: mwivi hakuwa huyu, mwongo nilikuwa mimi. Nitamwita Pacifique kwa jina, asikie. Nitamwambia Ancilla machoni ni nani alianza, anipige akitaka. Na siku utakayorudi hautaingia Base Camp peke yako. Nitatembea mbele yako mpaka kwenye mulango wako, na jiwe lolote linalokutafuta litanikuta mimi kwanza. Nakuapia kwa pumzi ya Appolinaire, na sina nyingine ya kuapia."